Mali Bila Daftari: Kifusi cha Kimbiji na Hesabu ya Majengo ya Kijani

Waswahili wamesema tangu kale kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya tumezoea kuyaelekeza kwa mwenye duka na kwa mweka hazina wa chama cha ushirika. Leo twapenda kuyaelekeza mahali ambapo ni wachache wanaoyakumbuka, nako ni kwenye rundo la kifusi lililo nyuma ya kila nyumba inayojengwa. Kwa maana kifusi ni mali, ingawa macho ya wengi hukiona kuwa ni uchafu. Mali hiyo hupotea kila siku bila habari. Na kila ipoteapo huwa imeangukia shimo fulani, kijito fulani, au uwanja wa mtu fulani ambaye jina lake halimo katika mkataba wa jengo lolote.

Tumechagua kuisema habari hii kwa kuitazama Kimbiji. Kimbiji ni kata ya pwani, kusini ya jiji la Dar es Salaam, ambayo zamani ilihesabiwa katika Temeke kabla Kigamboni haijafanywa wilaya ya peke yake. Kwa miaka mingi ilikuwa nchi ya minazi, mikorosho, mihogo na uvuvi, na mtu wa huko akitaka kufika mjini alikuwa hana budi kungoja kivuko. Kisha mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na mwezi wa Aprili 2016 likafunguliwa daraja la Kigamboni lililopewa jina la Mwalimu Nyerere. Tangu hapo viwanja vimepimwa, kuta zimeinuka, na malori ya mchanga, kokoto na matofali yamekuwa wageni wa kila siku katika njia ya Kibada, Mwasonga na Kimbiji.

Katika kata hiyo mna vitu viwili ambavyo kila asemaye habari za ujenzi yampasa kuvijua. Cha kwanza ni kiwanda cha saruji cha Lake Cement, kinachotoa saruji ya Nyati. Jiwe la chokaa huchimbwa, husagwa na kuchomwa katika tanuru, likawa saruji ya kujengea nyumba za mji mzima. Cha pili hakionekani kwa macho, nacho ni maji yaliyo chini ya ardhi. Wataalamu wa maji hulitumia jina la Kimbiji kwa ghala kubwa la maji lililolala chini ya pwani hii, na visima vimechimbwa humo kwenda chini mamia ya mita ili kuliokoa jiji pindi mto Ruvu unapopungua. Mwezi wa Novemba 2022, wakati ukame ulipoubana mto huo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Kigamboni wenye uwezo wa kutoa lita milioni 70 kwa siku, na maji ya upande huu yakavuka kwenda kuwanywesha watu wa upande wa pili.

Basi Kimbiji huupa mji saruji, na Kigamboni yote huupa mji maji. Swali letu leo ni hili: mji huo utairudishia Kimbiji nini? Kama jibu ni malori ya kifusi yanayomwaga mizigo yao usiku, hiyo si shukrani.

NYUMBA YA UDONGO NA NYUMBA YA SARUJI

Babu zetu walipobomoa nyumba ya miti na udongo hawakuacha kifusi. Udongo ulirudi shambani. Boriti nzuri ziliwekwa kando zingojee nyumba nyingine, fito zikawa kuni, na makuti yakaozea chini ya migomba. Hapakuwa na haja ya daftari, kwa sababu kila kitu kilirejea kilikotoka mbele ya macho ya kijiji kizima.

Saruji imetuletea nyumba imara, nasi hatuilaumu. Lakini zege likishakauka halirudi kuwa udongo, na tofali la saruji likivunjika halioti majani. Pamoja na zege huja nondo, mabati, misumari, vigae vya sakafu, mifuko ya saruji, makopo ya rangi, mabomba ya plastiki, nyaya za umeme, mbao za jasi za dari, na mbao zilizokingia zege hata zikapinda. Vyote hivi hutupwa katika rundo moja, na rundo likishachanganyika huwa halina thamani tena, kama vile mchele uliomwagika katika mchanga.

Yafaa ieleweke kwamba sehemu kubwa ya taka hizi huzaliwa kwa uzembe, wala si kwa lazima. Mafundi wenyewe wanazijua sababu. Tofali lililofyatuliwa kwa saruji kidogo mno, na likanyimwa maji siku za kwanza, huvunjika lingali ndani ya lori. Ukuta uliojengwa kabla ya ramani kuangaliwa vema hubomolewa wiki ya pili. Zege linalochanganywa jioni kupita kipimo cha kazi iliyobaki huganda chini. Mifuko ya saruji inayolazwa juu ya ardhi yenye unyevu hugeuka mawe. Kwa hiyo, kabla hatujasema neno lolote juu ya kurejeleza taka, yatupasa kusema kwamba tofali lisilovunjika ni bora kuliko tofali lililovunjika likarejelezwa.

Wala si kweli kwamba wananchi wetu hawajui kutumia tena vitu vya zamani. Mwaka 2017, wakati nyumba za kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilipobomolewa ili barabara ipanuliwe, wenye nyumba waliokoa walichoweza: mabati, milango, madirisha, nondo na hata matofali mazima. Mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake hupita mitaa yote ya Temeke na Kinondoni. Mama lishe huchukua vipande vya mbao kwa kuni, ingawa hapa hatuna budi kuonya kwamba mbao iliyopakwa rangi au dawa ya mchwa haifai kupikia chakula cha mtu. Mwenye kiwanja chenye bonde huomba kifusi cha kujazia msingi. Nia ipo, na mikono ipo. Kinachokosekana ni mpango na hesabu.

ZEGE KUUKUU LAWEZA KUWA TOFALI JIPYA

Pengine msomaji atauliza kama kweli zege lililovunjwa laweza kuzaa kitu cha maana, au kama tunaota mchana. Jibu limekwisha patikana katika maabara. Mwaka 2013 Mohamed Sabai na wenzake, watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven nchini Uholanzi, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya kifusi cha Tanzania. Walikusanya sampuli nane kutoka mahali palipokuwa pakijengwa na kubomolewa. Wakakivunja kifusi, wakakichekecha, kisha wakafyatua matofali ya zege kwa mashine ya mkono, bila kutia mchanga mpya wala kokoto mpya hata kidogo. Matofali yakawekwa katika maji siku 28, ndipo yakapimwa.

Matokeo hayakutiwa chumvi, na kwa ajili hiyo twayaamini. Kokoto za kifusi zilionekana kuwa dhaifu kuliko kokoto za asili, na matofali yake vivyo hivyo. Lakini katika kila matofali 100 yaliyopimwa, 85 yalifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa kila milimita ya mraba, nacho ndicho kiwango cha chini kilichotakiwa nchini kwa tofali la kubeba uzito. Watafiti hao waliongeza kwamba kazi iliyosalia ni kuchunguza kama biashara hiyo italipa.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Kati ya matofali 100, 15 hayakufikia kiwango, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kuyatambua kwa kuyatazama tu. Mtu anayetaka kununua kokoto za kifusi ana haki ya kujua zimetoka katika jengo gani, zilikuwa nguzo au lipu, na kama zimechanganyika na jasi au udongo. Kifusi chenye historia iliyoandikwa chaweza kupimwa na kuuzwa. Kifusi kisicho na historia hufaa kujazia shimo tu, na mara nyingine hakifai hata kwa hilo. Nchi yetu inao Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, na vyuo vyenye mashine za kupimia matofali. Mkandarasi anayetaka kutumia matofali ya namna hii asikisie, ayapeleke yakapimwe.

RANGI YA KIJANI PEKE YAKE HAITOSHI

Siku hizi limetokea neno jipya katika kazi ya ujenzi, nalo ni jengo la kijani. Maana yake si jengo lililopakwa rangi ya majani. Ni jengo lililokusudiwa kutumia umeme kidogo, maji kidogo na vifaa kidogo, na kuacha uharibifu mdogo katika ardhi linaposimama. Watu wenye fedha hupenda kuwa na hati ya kuthibitisha jambo hilo, na zipo taasisi zinazotoa hati hizo. Mojawapo ni Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, lenye kipimo kinachoitwa LEED.

Inafaa wafanyakazi wajue kipimo hicho kinataka nini juu ya taka za ujenzi. Katika toleo lake la nne, lililotolewa mwaka 2013, mradi hupata alama moja ukionyesha kwamba asilimia 50 ya taka zake, za aina tatu au zaidi, hazikwenda jaani bali zilitumika tena au zilirejelezwa. Hupata alama mbili ukifikia asilimia 75 kwa aina nne. Ipo pia njia ya tatu, ya kupunguza taka zenyewe zisizidi kilo 12 na kitu kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Kipimo kinaweza kuwa uzito au ujazo, mradi kiwe kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tena mkandarasi hutakiwa kuandika mpango kabla ya kazi kuanza, na kutoa hesabu kamili baada ya kazi kwisha.

Katika kanuni hizo limo neno moja dogo ambalo wajanja hulipita haraka: udongo uliochimbwa na miti iliyokatwa katika kusafisha kiwanja havihesabiwi. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, zilipotunga sheria mwaka 2008 na kujiwekea lengo la kurejesha asilimia 70 ya taka za ujenzi ifikapo 2020, ziliutoa udongo wa asili katika hesabu hiyo. Kwa nini? Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke.

Tuseme mkandarasi ana tani 200 za taka za kweli. Katika hizo, tani 60 zilitumika tena, na tani 140 zilitupwa. Hesabu yake ya haki ni asilimia 30, naye hastahili alama yoyote. Lakini alipochimba msingi alitoa tani 600 za udongo, akazisambaza katika kiwanja cha jirani. Akizitia tani hizo katika hesabu, atasema kwamba ameokoa tani 660 katika tani 800, yaani zaidi ya asilimia 82. Hakuna tofali hata moja lililookolewa zaidi, ila karatasi imekuwa nzuri, na jengo limevikwa taji. Ndiyo maana tunasema kwamba daftari baya ni hatari kuliko kukosa daftari, kwa sababu lisilokuwapo halidanganyi mtu.

Hapa Kigamboni tumeona pia kwamba jina zuri si kazi njema. Mradi wa nyumba uliopewa jina la Dege Eco Village, ulioanzishwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii pamoja na mshirika wake, ulikusudia kuinua nyumba zaidi ya 7,000. Ulisimama mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa maghorofa yake yalibaki yakitazama bahari bila watu ndani. Saruji, nondo na jasho la mafundi vilikwisha tumika. Katika uharibifu wote wa vifaa vya ujenzi, hakuna unaozidi ule wa jengo lisilofikia kazi lililokusudiwa. Tena fedha ya mfuko kama huo ni akiba ya mfanyakazi. Msomaji na alikumbuke jambo hilo kila aonapo bango lenye picha za majani.

JINSI DAFTARI LINAVYOWEKWA

Tusije tukaonekana kuwa twahubiri bila kufundisha, acha tueleze jinsi kazi hii inavyofanyika mahali inapofanyika vema. Haihitaji mashine kubwa. Yahitaji nidhamu.

Kwanza, kabla ya jembe la kwanza, mkandarasi huorodhesha taka anazotazamia na mahali kila aina itakapopelekwa: chuma kwa mnunuzi fulani, zege kwa mvunjaji kokoto fulani, mbao kwa seremala fulani, karatasi na katoni kwa mnunuzi wake. Kama hakuna mpokeaji wa aina fulani, ndipo ajiulize mapema atafanyaje, badala ya kujiuliza siku rundo linapoziba mlango.

Pili, kiwanjani hutengwa sehemu kwa kila aina, na kila sehemu ikaandikwa jina lake kwa maandishi makubwa. Zege na matofali mahali pamoja, chuma pamoja, mbao pamoja, karatasi chini ya paa ili zisilowe. Makopo ya rangi, mafuta machafu na betri hufungiwa peke yake. Ikiwa jengo la zamani linabomolewa nalo lina mabati ya asbesto, hayo hayaguswi na kibarua hata awaitwe wenye ujuzi, kwa maana vumbi lake huua mapafu polepole.

Tatu, kila mzigo unaotoka mlangoni huandikwa. Tarehe, namba ya lori, aina ya taka, uzito, mahali unapokwenda, jina la dereva na jina la mpokeaji. Penye mizani, cheti cha mizani hubandikwa katika daftari. Pasipo mizani, hupimwa urefu, upana na kimo cha mzigo katika bodi ya lori, na ujazo huo hugeuzwa kuwa uzito kwa kipimo kilichokubaliwa mapema, kisibadilishwe kila wiki kwa kupendeza hesabu. Kisha dereva hurudi na stakabadhi ya mpokeaji. Mzigo usiorudisha stakabadhi huhesabiwa kuwa umetupwa, hata dereva akiapa mara saba.

Nne, kila mwisho wa wiki hesabu hufungwa na kulinganishwa na stoo. Hili ndilo jambo linalosahauliwa mno, nalo ndilo linalofichua uongo. Kama matofali 10,000 yaliingia, na kuta zilizojengwa zimekula 9,200, basi matofali 800 hayana budi kuonekana mahali fulani: mazima katika stoo, au yaliyovunjika katika daftari la kifusi. Yasipoonekana, ama yameibiwa ama yametupwa usiku. Msimamizi mwenye akili atagundua kwamba daftari la taka ni mlinzi wa stoo yake kuliko mbwa.

MZIGO UNAOPOTEA WAENDA WAPI

Dampo kubwa ambalo jiji limelitegemea kwa miaka mingi liko Pugu Kinyamwezi. Atazamaye ramani ataona jinsi lilivyo mbali na Kimbiji. Lori litakalokwenda huko litakula mafuta na saa za kazi, na dereva anayelipwa kwa idadi ya safari atajaribiwa kutafuta mahali pa karibu. Mahali hapo pa karibu ni shimo lililochimbwa mchanga, au mkondo wa maji ya mvua, au ukingo wa mikoko, au kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga.

Tuseme kweli yote: zege safi na tofali safi si sumu. Lakini rundo linalotupwa kwa siri halipatikani likiwa safi. Ndani yake mna rangi, mafuta, jasi na plastiki, na shimo la mchanga ni mlango uliofunguliwa katika ngozi ya ardhi. Visima virefu vya jiji vina tabaka nyingi juu yake za kuvilinda. Kisima kifupi cha mwananchi, anachoteka kwa ndoo, hakina. Mkondo wa mvua ukizibwa na kifusi, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi hupita katika chumba cha mtu. Mikoko ikifukiwa, samaki wadogo hukosa mahali pa kukulia, na mvuvi hulipa gharama ya ghorofa ambalo hatalala humo kamwe.

Wananchi wa jiji hili wamekwisha onyesha kwamba hawalazimiki kunyamaza. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya taka zilizokuwa zikitupwa na kuchomwa karibu na nyumba zao, na Mahakama ikaliamuru jiji likome. Tangu wakati huo tumepata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kanuni za taka ngumu za mwaka 2009. Miradi mikubwa hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Sheria ipo basi. Lakini afisa mazingira na mwenyekiti wa mtaa hawawezi kumshika mtu kwa harufu. Wahitaji karatasi inayosema mzigo ulitoka wapi na ulikusudiwa kufika wapi. Daftari la kiwanjani ndilo shahidi wao.

MFANYAKAZI NA KIFUSI

Twageukia sasa upande wa wafanyakazi, maana wao ndio watakaoshika koleo. Kutenganisha taka ni kazi. Huchukua saa, huchosha mgongo, na ina hatari zake: msumari katika mbao, ncha ya nondo, kioo, na vumbi la zege ambalo likivutwa miaka mingi huziba mapafu. Mkandarasi anayeandika katika zabuni yake kwamba atarejeleza asilimia 75, kisha asitenge hata shilingi moja kwa kazi hiyo, amekusudia kuichukua asilimia hiyo katika mwili wa saidia fundi. Hilo halikubaliki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi wake. Basi glavu, viatu vigumu na vizuia vumbi viwe katika orodha ya kazi na bei zake kama ilivyo saruji.

Kadhalika kuna fedha ya chuma chakavu. Katika viwanja vingi fedha hiyo huingia mfuko wa mtu mmoja ambaye hajulikani, na ugomvi huzaliwa. Penye daftari hakuna ugomvi. Kila mtu aweza kusoma kilo ngapi ziliuzwa, kwa bei gani, na fedha imekwenda wapi. Twaona ni haki, na tena ni busara, kwamba sehemu ya fedha hiyo iwarudie waliotenganisha, ama kwa posho ama kwa chakula cha mchana. Mtu anayejua kwamba kipande cha nondo kina senti yake ndani hatakitupa katika zege.

Na wewe fundi, una wajibu wako. Usikate nondo kabla ya kupanga vipande. Usichanganye zege kupita kazi iliyo mbele yako. Usitie tofali lililovunjika pamoja na mfuko wa rangi kwa sababu tu jua ni kali na sehemu ya kifusi iko mbali. Ufundi ni kujenga ukuta ulionyooka, na kuacha kiwanja ambacho mtoto aweza kupita bila viatu.

LITENDWE LIPI

Hatusemi kwamba kesho kila nyumba ya vyumba viwili iwe na mizani na karani. Mwananchi anayejenga kwa kudunduliza, tofali moja baada ya lingine, kwa kawaida hatupi kitu. Umaskini umekwisha mfundisha hesabu. Twasema na wenye miradi mikubwa: mashirika ya umma, makampuni, taasisi, na wote wanaoweka bango la jengo la kijani mbele ya uzio wao.

Kwao twataka mambo matatu. Daftari la taka liwe sehemu ya mkataba, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka lifungwe. Nakala yake ipelekwe kwa serikali ya mtaa inayopokea vumbi na kelele za kazi hiyo, ili wakazi wajue lori lililopita mlangoni kwao lilibeba nini. Na halmashauri ya wilaya itenge mahali pa kupokelea na kuvunjia kifusi upande huu wa Kigamboni, pawe na uzio, mlinzi na mizani, pasiwe juu ya mkondo wa maji wala karibu na visima. Bila mahali hapo, tutakuwa tunamwambia dereva asimwage huku bila kumwonyesha pa kumwaga.

Gharama itakuwapo, hatuifichi. Lakini gharama ya kifusi hulipwa sasa hivi, ila wanaolipa ni watu wasioulizwa: mwenye kisima, mvuvi, mama ambaye uwanja wake umegeuka bwawa. Daftari halizidishi gharama hiyo. Huihamisha tu, ikarudi kwa mwenye jengo, anayestahili kuibeba.

Kimbiji ingali na nafasi. Sehemu kubwa ya viwanja vyake haijajengwa bado, na mashimo yake hayajajaa. Miji mingi hujifunza hesabu hii baada ya kuharibika. Hii yaweza kujifunza kabla. Kila lori linalotoka katika uzio wa mradi na litoke na karatasi, na kila karatasi irudi na sahihi ya mpokeaji. Anzeni na lori la kesho asubuhi.